Kumpa Mbuzi Dawa Bila Kubahatisha: Kusoma Lebo, Kupima Dozi, Kunywesha na Kuchoma Sindano

Kila mvua zikianza, maswali ni yaleyale. Mbuzi mkubwa anapewa cc ngapi za dawa ya minyoo? OTC (oksitetrasaiklini, antibayotiki ya sindano) inachomwa shingoni au pajani? Nimemchoma jana, maziwa ya leo tunywe? Mwongozo huu ni wa mfugaji ambaye hajawahi kushika bomba la sindano, na pia wa yule ambaye ameshalishika mara nyingi lakini bado anakisia. Mfano wangu mkuu ni mbuzi, maana ndiye anayepewa dawa kiholela mara nyingi. Ng'ombe nitamtaja pale anapotofautiana naye.

Kabla ya yote, lishike hili: hakuna dozi ya "mbuzi mkubwa". Kuna dozi ya kilo. Mara nyingi dawa inayolaumiwa kuwa feki ilikuwa nzima kabisa, ila mnyama alipata nusu ya alichohitaji, ama kwa sababu uzito ulikadiriwa kwa macho, ama kwa sababu cc zilinakiliwa kutoka chupa ya jirani yenye nguvu tofauti. Dozi pungufu haiishii kumwacha mnyama mgonjwa. Inaua minyoo dhaifu na kuwaacha sugu wazaliane, na mwakani dawa ileile haitafanya kitu zizini kwako.

Je, anahitaji dawa kweli?

Mbuzi aliyekonda si lazima awe na minyoo, na anayekohoa si lazima atake antibayotiki. Mwangalie vizuri kabla hujatoka kwenda dukani.

Anza na kope. Mweke juani, si kivulini. Kwa kidole gumba shusha kope ya juu ifunike jicho, bonyeza kidogo, kisha kwa gumba la mkono wa pili vuta kope ya chini. Utando wa ndani utachomoza. Usome rangi yake papo hapo, kwa sababu ukiuacha wazi unazidi kuwa mwekundu wenyewe na utakudanganya. Wekundu uliokolea maana yake damu ipo ya kutosha. Waridi iliyopauka ni onyo. Mweupe ni hatari, na mbuzi huyo hasubiri kesho.

Wataalamu wa Afrika Kusini walibuni kadi ya rangi kwa kazi hii, inaitwa FAMACHA, yenye ngazi 1 hadi 5. Walio ngazi ya 4 na 5 hutibiwa bila mjadala. Wa ngazi ya 3 hutibiwa kama ni mtoto, amekonda, ana mimba au ananyonyesha. Wa 1 na 2 huachwa. Kuwaacha wazima si ubahili: minyoo iliyo ndani yao, ambayo haijaonja dawa, ndiyo inayosaidia dawa yako iendelee kufanya kazi miaka ijayo. Ila kadi hii inapima upungufu wa damu tu. Kupe, minyoo ya ini na magonjwa ya damu navyo hupausha kope, kwa hiyo weupe peke yake haukuambii ugonjwa ni upi. Ukiona pia uvimbe laini chini ya taya, minyoo wanyonya damu na minyoo ya ini ndio wa kushukiwa kwanza.

Kisha pima joto. Kipimajoto kinaingia kwenye njia ya haja kubwa, kikiwa kimepakwa mafuta kidogo na kuegemezwa ukutani mwa utumbo, kwa dakika moja au mbili. Mbuzi mzima yuko kati ya nyuzi 38.5 na 40 za Selsiasi, ng'ombe mzima kati ya 38 na 39.3 hivi. Mpime akiwa ametulia kivulini, si baada ya kumkimbiza.

Na hapa kuna fedha nyingi zinazopotea: antibayotiki haiui virusi. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa miguu na midomo, mdondo wa kuku, yote hayo ni ya virusi. Daktari anaweza kuandika antibayotiki kuzuia maambukizi yanayofuata nyuma, lakini virusi vyenyewe dawa yake ni chanjo iliyotolewa mapema. Ukiona mbuzi kadhaa kwa pamoja wana homa, makamasi mazito, vidonda mdomoni na kuhara, usinunue chochote. Mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Ugonjwa huo hutolewa taarifa, na dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo 2030.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tepu ya fundi cherehani, kalamu, daftari na kikokotoo cha simu.
- Mabomba ya sindano ya cc 1 au 2, cc 5 na cc 10, na la cc 20 lisilo na sindano kwa ajili ya kunywesha.
- Sindano za kutosha, moja kwa kila mnyama. Kwa mbuzi, geji 18 hadi 20 yenye urefu wa inchi 1. Kwa ng'ombe, geji 16 hadi 18 yenye inchi 1 hadi 1.5. Namba ya geji ikipanda, sindano inakuwa nyembamba.
- Spiriti na pamba.
- Kipimajoto cha mifugo, usichanganye na cha nyumbani.
- Rangi au chaki ya kuwaalamia waliokwisha kupewa.
- Kopo gumu lenye mfuniko la kutupia sindano zilizotumika.
- Mtu wa pili. Usimchome mnyama peke yako.

Namba ya simu ya daktari wa mifugo au afisa mifugo iwe kwenye simu yako tayari. Antibayotiki zinunue kwa maelekezo yake, usichague mwenyewe kwa kuangalia rangi ya boksi.

Hatua ya 1: Soma lebo yote kabla ya kung'oa kizibo

Usitafute jina kubwa la biashara. Tafuta jina dogo chini yake, la kiambato: albendazoli, levamisoli na ivermektini (za minyoo), oksitetrasaiklini na penisilini (antibayotiki). Chupa mbili zenye majina na rangi tofauti zinaweza kuwa dawa moja, na wapo wafugaji wanaodhani wamebadilisha dawa kumbe wamebadilisha boksi.

Kisha tafuta nguvu ya dawa. Hii ndiyo namba inayowaangusha wengi. Asilimia 10 maana yake gramu 10 ndani ya mililita 100, yaani miligramu 100 katika kila mililita. Zidisha asilimia kwa 10 utapata miligramu za kila mililita: 2.5% ni 25, 1% ni 10, 20% ni 200. Na kwa wanaouliza kila mara, mililita na cc ni kipimo kimoja.

Angalia mnyama aliyetajwa. Dawa iliyo salama kwa ng'ombe inaweza kumuua mbuzi. Sindano ya tilmikosini ni mfano mbaya kuliko yote: hutumika kwa ng'ombe mwenye homa ya mapafu, lakini mbuzi inamuua, na binadamu akijichoma nayo kwa bahati mbaya inaweza kusimamisha moyo wake. Kwa sababu hiyohiyo usimpe mnyama dawa yako ya nyumbani. Parasetamoli inayokushusha homa wewe ni sumu kwa paka.

Angalia njia ya kuitoa. IM ni ndani ya msuli, SC ni chini ya ngozi, IV ni ndani ya mshipa wa damu, PO ni kwa mdomo. IV si kazi ya anayeanza, mwachie daktari.

Mwisho angalia tarehe ya kwisha muda, namba ya toleo, muda wa kusubiri (siku za kungoja baada ya dawa kabla ya kula nyama au kunywa maziwa), na usajili. Tanzania dawa za mifugo husajiliwa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, Kenya kuna kurugenzi ya dawa za mifugo, VMD. Dawa iliyopimwa kutoka chupa kubwa na kutiwa kwenye kichupa kisicho na lebo usiipokee, hata kama muuzaji mnafahamiana na bei ni nafuu. Nimeona kichupa cha namna hiyo kimeandikwa kwa kalamu "minyoo" na hakuna kingine. Huwezi kupiga hesabu ya dawa usiyoijua nguvu yake.

Hatua ya 2: Pima uzito

Kitoto cha mbuzi kitie kwenye gunia ukining'inize kwenye mzani wa ndoano. Mkubwa mpime kwa tepu. Asimame sawasawa, miguu minne chini, kichwa mbele. Zungusha tepu kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, iguse ngozi bila kuminya. Huo ni mzunguko wa kifua. Halafu pima urefu, kutoka ncha ya bega hadi mfupa unaochomoza nyuma ya tako.

Uzito kwa kilo = mzunguko × mzunguko × urefu ÷ 10,840, vipimo vyote vikiwa kwa sentimita.

Tuseme jike wako ana mzunguko wa sentimita 70 na urefu wa 62. 70 × 70 ni 4,900. Mara 62 ni 303,800. Gawanya kwa 10,840, unapata kilo 28. Rudia kupima mara mbili, kwa sababu mzunguko unazidishwa kwa wenyewe na kosa dogo linakua haraka. Ungesoma 75 badala ya 70, jibu lingeruka hadi kilo 32.

Kosa la kawaida ni kupima tumboni. Mbuzi aliyeshiba au mwenye mimba atakupa namba ya ajabu. Kosa lingine, ukinywesha kundi zima dawa ya minyoo, ni kukokotoa kwa uzito wa wastani. Nusu ya kundi watapata pungufu. Wagawe kwa ukubwa, na kila fungu upige hesabu kwa yule mzito kuliko wote. Levamisoli usiifanyie hivyo. Nafasi kati ya dozi yake ya kutibu na ya kudhuru ni ndogo, kila mmoja apimwe.

Hatua ya 3: Kokotoa dozi

Kilo za mnyama × miligramu kwa kila kilo ÷ miligramu zilizo katika mililita moja = mililita za kumpa.

Mbuzi humaliza baadhi ya dawa za minyoo mwilini haraka kuliko kondoo, ndiyo maana madaktari wengi humwandikia albendazoli kwa kiwango cha juu kuliko cha kondoo, ingawa lebo inawaweka pamoja. Usijiongezee mwenyewe, uliza. Tuchukulie daktari amekuandikia miligramu 10 kwa kila kilo, na mbuzi ni yule wa kilo 28. Anahitaji miligramu 280. Kama chupa ni ya 10%, gawanya kwa 100: mililita 2.8. Kama chupa ni ya 2.5%, gawanya kwa 25: mililita 11.2. Mbuzi mmoja, dawa moja, na tofauti ya mara nne. Sasa fikiria jirani amekwambia "mpe cc 3 tu" na yeye anatumia ile ya 10%, huku wewe umenunua ya 2.5%.

Mfano wa ng'ombe: ana kilo 240, ameandikiwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu ya 20% kwa miligramu 20 kwa kila kilo. 240 × 20 ni 4,800. Gawanya kwa 200, ni mililita 24. Hizo haziingii mahali pamoja. Zigawe sehemu tatu za mililita 8, pande mbili za shingo, umbali wa kiganja kati ya tundu na tundu. Kwa mbuzi usizidishe mililita 5 mahali pamoja.

Andika hesabu kwenye daftari, kisha mpe mwenzako aipige upya bila kuona jibu lako.

Albendazoli usimpe jike aliye kwenye mwezi wa kwanza wa mimba, inaharibu kiumbe. Kama beberu anakaa na majike mwaka mzima huwezi kujua nani yuko mwezi huo, hivyo mwambie daktari akuchagulie dawa nyingine.

Hatua ya 4: Vuta dawa

Nawa mikono. Tikisa chupa hadi unga uliotuama chini uchanganyike wote. Albendazoli na penisilini hutuama, na usipotikisa mbuzi wa kwanza atakunywa maji na wa mwisho atakunywa dozi ya watatu. Dawa ya sindano, futa mpira wa kizibo kwa spiriti, ingiza sindano safi, geuza chupa juu chini, vuta. Gonga bomba mapovu yapande, yasukume yatoke.

Sindano iliyokwisha kuingia kwa mnyama isirudi kwenye chupa. Acha sindano moja safi kwenye kizibo kwa kazi ya kuvuta tu. Dawa mbili usizichanganye kwenye bomba moja. Na sindano moja usiipitishe kundi zima: ndigana baridi huhama kwa damu kidogo inayobaki kwenye sindano, kwa hiyo unaweza kuwaambukiza kwa mkono uleule unaowatibu.

Kwa chanjo zilizo hai, bomba lisiwe na spiriti wala dawa ya kuua vijidudu. Utaiua chanjo.

Hatua ya 5: Mshike

Mbuzi: mwenzako amweke ubavu ukutani, asimame akimbana kwa magoti, mkono mmoja chini ya taya na mwingine nyuma ya kichwa. Asishike kwa pembe kama ni mtoto, zinavunjika. Ng'ombe: kribu (kizimba chembamba cha kumbana), au kamba ya kichwa iliyofungwa kwenye mti kwa fundo linalofunguka haraka. Usisimame nyuma yake. Fanya asubuhi au jioni, jua kali humchosha mnyama mwenye homa.

Hatua ya 6: Kunywesha kwa mdomo

Hapa ndipo mbuzi wengi hufa mikononi mwa watu wanaowapenda. Dawa ikiingia kwenye koo la hewa inafika mapafuni, na homa ya mapafu ya namna hiyo ni ngumu kutibu.

1. Taya liwe sambamba na ardhi. Pua isipande juu ya usawa wa macho. Ile picha tuliyoizoea ya mbuzi aliyeinuliwa kichwa akiangalia mbinguni ndiyo inayoua.
2. Ingiza kidole kwenye pembe ya mdomo. Kuna pengo kati ya meno ya mbele na magego, hutang'atwa. Mbuzi atafungua mwenyewe.
3. Pitisha bomba lisilo na sindano hapo pembeni, juu ya ulimi, likielekea nyuma. Usilisukume hadi kooni.
4. Sukuma taratibu, nusu ya dozi. Subiri umwone akimeza, koo linacheza. Maliza iliyobaki.
5. Akikohoa, achia kichwa papo hapo. Mwache ashushe, apumue, ndipo uendelee.

Chupa ya soda ya kioo usiitumie, akiing'ata inapasuka mdomoni. Kwa ng'ombe tumia chupa ya plastiki yenye shingo ndefu au bomba la kunyweshea. Na usimnyweshe kabisa mnyama aliyelala ubavu asiyeweza kuinua kichwa. Hawezi kumeza.

Hatua ya 7: Sindano ya msuli

Choma shingoni. Weka kiganja ubavuni mwa shingo mbele ya bega: juu kuna kano ngumu chini ya mstari wa manyoya, chini kuna mifupa ya uti wa shingo, nyuma kuna bega. Pembetatu iliyo katikati, yenye nyama laini, ndiyo mahali penyewe. Pajani na takoni kuna mshipa mkubwa wa fahamu. Ukiugusa mbuzi atachechemea, pengine maisha yake yote. Tena ndiyo nyama ya bei.

Safisha kwa spiriti, acha ikauke. Ingiza sindano wima, kwa mkono mmoja wa haraka usiositasita. Kabla ya kusukuma, vuta kidogo pistoni nyuma. Damu ikiingia kwenye bomba upo ndani ya mshipa: toa, badilisha mahali. Hili usiliruke hata siku moja kwa penisilini nyeupe kama maziwa, ambayo ikiingia kwenye damu mnyama anaweza kuanguka hapohapo. Pakiwa safi, sukuma polepole, chomoa, kanda kidogo.

Hatua ya 8: Sindano ya chini ya ngozi

Ivermektini ya 1% huingia hapa, mililita 1 kwa kila kilo 50 za ng'ombe. Kwa mbuzi wa kilo 28 hiyo ni kama nusu mililita, kwa hiyo tumia bomba dogo la cc 1 au 2 linalosomeka.

Inua ngozi iliyolegea mbele ya bega au nyuma ya kiwiko kwa vidole viwili, ingiza sindano kwenye shina la mkunjo ikiwa imelala. Ukiitikisa ncha kidogo utaisikia inacheza huru. Kama imekwama, umeingia msulini. Angalia sindano isitokeze upande wa pili, mara nyingi dawa humwagika kwenye manyoya na mtu hajui. Wengi hupigwa na hili mwanzoni: baada ya kuchoma, pitisha kidole, pakilowa umeipoteza dozi.

Hatua ya 9: Andika, kisha subiri

Tarehe, jina au namba ya mnyama, uzito, dawa, namba ya toleo, mililita, njia, na tarehe ambayo maziwa na nyama vitakuwa salama. Muda wa kusubiri huhesabiwa kuanzia dozi ya mwisho. Lebo ikisema nyama siku 28, na dozi ya mwisho ilikuwa tarehe 3 Machi, mnyama huyo haendi machinjioni kabla ya tarehe 31.

Naomba tuliangalie jambo hili kwa uzito. Wiki chache kabla ya Idi ya kuchinja na Krismasi mbuzi wengi huchomwa sindano "wapendeze" mnadani, na siku tatu baadaye wako kwenye sufuria. Anayekula ni mtoto wa mtu. Mabaki ya penisilini yanaweza kumletea aliye na mzio madhara makubwa, na dozi ndogo ndogo za antibayotiki kwenye chakula huwazoesha bakteria dawa zilezile tunazozitegemea hospitali. Kuchemsha maziwa hakuyaondoi mabaki hayo. Mama anayegandisha mtindi anaweza kuyagundua kabla ya maabara, kwa kuwa maziwa yenye antibayotiki hugoma kuganda. Ivermektini ya sindano usimpe kabisa ng'ombe au mbuzi anayekamuliwa kwa ajili ya watu, isipokuwa lebo imeruhusu waziwazi.

Maziwa ya kipindi hicho mwaga. Mbwa na ndama usiwape.

Hatua ya 10: Maliza dozi, hifadhi kilichobaki

Kama umeandikiwa siku tatu, ni siku tatu, hata akila vizuri kesho yake. Chupa iweke gizani na mahali pa baridi. Chini ya bati hapafai, mchana panaweza kupita nyuzi 30 ambazo lebo nyingi huziweka kama kikomo. Penisilini na chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, wala zisigande. Oksitetrasaiklini iliyogeuka kahawia nyeusi itupe. Chupa ya sindano iliyokwisha kutobolewa, lebo nyingi hutoa siku 28. Andika tarehe ya kuifungua juu ya chupa.

Mambo yakienda mrama

*Amekohoa sana wakati wa kunywa.* Mwache ashushe kichwa. Siku mbili tatu zinazofuata angalia pumzi za haraka, homa, makamasi. Ukiona kimojawapo, daktari.

*Ametema dawa.* Kama ni kidogo, acha. Kama imetoka karibu yote mbele ya macho yako, mpe tena. Kama hujui imebaki kiasi gani, usirudie kwa kukisia, hasa levamisoli.

*Anatoa mate, anatetemeka, anatapatapa baada ya levamisoli.* Dozi imezidi. Mweke mahali pa utulivu, piga simu mara moja.

*Ameanguka au anahema kwa shida dakika chache baada ya sindano, macho na midomo imevimba.* Ni mzio. Daktari ana adrenalini na dakika ni chache. Dawa hiyo asipewe tena maishani, iandike kwenye ukurasa wake.

*Pamevimba nilipochoma.* Uvimbe mdogo wa siku chache ni kawaida kwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Ukizidi kukua, ukiwa wa moto au ukitoa usaha, ni jipu. Usilipasue mwenyewe.

*Nimemnywesha dawa ya minyoo na kope bado ni nyeupe.* Damu haitengenezwi kwa siku mbili, mpe majani mazuri na umpe wiki kadhaa. Lakini kama kundi zima halibadiliki, peleka kinyesi maabara siku ya kunywesha na tena baada ya siku 10 hadi 14. Mayai yasipopungua, minyoo yako ni sugu kwa dawa hiyo na daktari atakupa ya kundi lingine la kiambato.

*Siku ya tatu ya antibayotiki, homa ipo palepale.* Usiongeze dozi na usiruke kwenye dawa nyingine. Huenda ugonjwa si ule mliodhani. Ng'ombe mwenye ndigana kali, kwa mfano, haponi kwa oksitetrasaiklini, anahitaji dawa yake maalumu, buparvakwoni, na mapema. Ukimpigia daktari mwambie uzito, joto la kila siku, kiambato, asilimia, mililita na saa uliyompa. Yote hayo yapo kwenye daftari, msomee.

*Nimejichoma.* Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue wala usinyonye. Nenda kituo cha afya ukiwa na chupa yenyewe mkononi, ili mganga asome kiambato. Kama ni tilmikosini, usisubiri dalili na usiendeshe pikipiki mwenyewe.

*Sindano na chupa tupu zipelekwe wapi?* Zifunge kwenye lile kopo gumu, mkabidhi afisa mifugo au zahanati yenye tanuri la taka. Shimo la choo halifai, wala jalala ambalo watoto hucheza.